Saadani, Mafia au Kilwa: ukiruka na hema kutoka Dar, utue wapi?

Pale Terminal 1, jengo la zamani la Uwanja wa Julius Nyerere ambako ndege ndogo huondokea, mizani haipimi begi peke yake. Inakupima na wewe. Unapanda ulivyo, viatu miguuni na mkoba begani, kilo zako zinaandikwa, ndipo linafuata begi la hema. Mara ya kwanza nilifika na begi la kilo 23, na mtungi mdogo wa gesi wa jiko la kambi ukichungulia mfukoni. Dada wa kaunta aliuchomoa kwa vidole viwili akauweka juu ya meza. "Huu haupandi, kaka. Hata kwenye mizigo haupandi." Alikuwa sahihi. Gesi ya kuwaka hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, iwe mkononi au kwenye buti. Tulikwenda tukapikia mkaa.

Tangu siku hiyo nimeacha kuchagua pa kupiga kambi kwa kutazama picha za fukwe. Fukwe zetu zote zinapendeza. Ninachouliza ni hiki: mlango wa ndege ukishafunguliwa, kati ya hapo na mahali hema litakaposimama kuna nini? Kuna bajaji au kuna tembo? Kuna soko njiani, au hata chumvi inabidi itoke Kariakoo? Saadani, Mafia na Kilwa Masoko ndizo sehemu tatu ambazo watu wa Dar huniuliza zaidi, na swali hilo moja linazitenganisha kabisa.

Kwanza ndege yenyewe

Ukikata tiketi ya ndege ya ratiba, mara nyingi utapanda Cessna Caravan: injini moja, mabawa juu, viti kumi na mbili au kumi na tatu, na sehemu kubwa ya mizigo inalala kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege. Ndiyo maana wanataka begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki likaingia humo. Posho ya kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na kilo 15 huisha haraka kuliko unavyodhani. Hema la watu wawili ni kilo 3 au 4, godoro na shuka kilo 2, nguo na viatu kilo 4, na bado hujagusa sufuria, taa, chandarua wala unga.

Kukodi ndege nzima kunabadilisha hesabu, kwa sababu hapo hulipii kiti, unalipia ndege na muda wake. Wengi hujikwaa hapa. Ndege ikikushusha Ijumaa ikarudi Dar tupu, kisha ikaja kukuchukua Jumapili, umelipia safari nne za angani. Rubani akilala huko na ndege yake, utalipia kungoja kwake na malazi yake. Uliza yote mawili kabla ya kutoa pesa, na uliza kama ada ya kutua imo ndani ya bei. Mimi na wenzangu tuliwahi kulipa ada hiyo juu kwa juu, siku ya kurudi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kwa wenye leseni wanaokodi ndege ya klabu au ya shule ya urubani, uzito ndio bwana mkubwa. Chukua Cessna 172 ya aina ya S, ya viti vinne. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 1,157, na ukiondoa uzito wa ndege yenyewe unabakiwa na kitu kisichofika kilo 400 cha watu, mafuta na mizigo. Safari ya Mafia kwenda na kurudi, pamoja na akiba, inataka karibu lita 70, yaani kilo 50 hivi. Weka rubani na abiria watatu wa kilo 70 na kitu kila mmoja, umebakiwa na kilo 50 za kambi nzima. Hizo kilo 50 ndizo pia kikomo cha chumba cha mizigo cha ndege hiyo, karibu kabisa. Kwa hiyo viti ni vinne, lakini ndege ya kambi ni ya watu watatu, na nakusihi uihesabu hivyo hivyo. Cessna 206 ina viti sita. Ihesabie watu wanne na mizigo yao, na rubani akiwa mmoja wao.

Jambo jingine ni mafuta. Ndege hizi za injini ya pistoni hutumia petroli ya ndege, ambayo kuipata ni kazi kuliko mafuta ya taa ya ndege yanayotumiwa na Caravan. Usiruke kwenda kiwanja chochote cha pwani kwa matumaini ya kujazia huko. Beba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba. Kwa Saadani na Mafia hilo ni jepesi. Kwa Kilwa, ambako unaongeza zaidi ya kilomita 200 ukilinganisha na Mafia kwa kwenda na kurudi, mafuta hayo yatakunyang'anya begi moja au mtu mmoja.

Na kama rafiki mwenye leseni binafsi anakuambia umlipe nauli akupeleke, kataa. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha. Rubani wa kukulipisha anatakiwa awe na leseni ya biashara, chini ya kampuni iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Saadani: karibu angani, mbali ardhini

Saadani iko kama kilomita 100 kutoka uwanja wa Dar kwa mstari ulionyooka. Caravan hutumia dakika 25 hivi. Kaa dirishani: utaiona Bagamoyo, kisha Mto Wami ukimwaga maji ya udongo ndani ya bahari ya kijani, na baada ya hapo pori linafika hadi mchangani. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayokutanisha wanyama wa porini na ufukwe wa bahari namna hiyo.

Tuliposhuka mara ya mwisho, rubani alipita kwanza chini juu ya njia ya kurukia bila kutua. Nilidhani kuna hitilafu. Kumbe alikuwa anafukuza kongoni waliokuwa wamesimama katikati ya kiwanja. Alizunguka, akarudi, akatua kwenye udongo, na vumbi likatufuata hadi tukasimama. Hapo ndipo umbali wa kweli wa Saadani unapoanza. Huwezi kubeba begi lako ukatembea hadi kambini, maana uko ndani ya hifadhi, na kutembea bila askari wa hifadhi hakuruhusiwi. Lazima gari likungoje. Maeneo ya kambi ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu mlangoni, na mambo yote hayo yapangwe ungali Dar. Ukitua bila gari, umetua kwenye kivuli cha mti.

Vyakula na maji vyote vinatoka nyumbani. Na kwa kuwa gesi haipandi, muulize mwenye gari akuwekee mkaa kabla hujafika. Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni ndorobo. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hema langu la kwanza lilikuwa la bluu. Sasa nina la rangi ya majani makavu.

Baada ya kusema yote hayo, kwa usiku mmoja hakuna pa kuifikia. Unaondoka Dar asubuhi, mchana uko kwenye boti Mto Wami ukitazama viboko na mamba, jioni unakula ukisikiliza mawimbi upande mmoja na nyani upande wa pili. Lakini kuoga baharini si sababu ya kwenda Saadani. Maji yana tope la mito, na ufukwe ni wa kutazama.

Mafia: hapa nitakaa kidogo

Kutoka Dar hadi Kilindoni ni kilomita 125 hivi, nusu saa angani. Kaa upande wa kulia, maana utapita kando ya delta ya Rufiji: mikoko hadi macho yachoke, na mikono ya mto ikijikunja ndani yake kama kamba iliyotupwa. Humo ndimo ilimojificha Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Waingereza walikuwa wamesafisha kiwanja Mafia, na ndege zilizoelekeza mizinga yao ziliruka kutoka kisiwani. Ndege ndogo na Mafia ni watu wa siku nyingi.

Uwanja wa leo una lami. Ulitengenezwa upya kwa fedha za msaada wa Marekani na kukamilika 2013, na kwa mtu wa kambi lami hiyo ina maana moja kubwa: mvua ya jana haikuzuii kutua leo. Maana ya pili ni kwamba Mafia ina safari za ratiba za uhakika, kwa hiyo huhitaji kukodi ndege nzima ili ufike.

Na tazama swali langu la mlangoni linavyojibiwa hapa. Unatoka nje ya uwanja, tayari uko Kilindoni mjini. Bajaji zinakungoja, na ukitaka unatembea hadi sokoni. Mkaa upo, maji ya chupa yapo, vitunguu, nyanya, mchele wa kupima, na wavuvi wakirudi unanunua changu au kolekole akiwa bado anang'aa. Begi lako linapungua kilo 6 au 7 kwa sababu tu ya soko hilo. Vitu vizito kabisa, kama turubai kubwa na majembe, wenzangu waliwahi kuvitanguliza kwa barabara hadi Nyamisati, kisha kwa kivuko hadi Kilindoni. Tulivikuta vinatusubiri.

Upande wa hema una njia mbili. Ukienda Utende, kwenye Ghuba ya Chole, ni mwendo wa kilomita 15 hivi, na unaingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995. Unalipa kiingilio cha kila siku getini, ukae ukijua. Faida yake ni matumbawe, Kisiwa cha Chole na popo wake wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na magofu ya Kua kule Juani. Njia ya pili ni kubaki upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, na hiyo ndiyo ninayoipenda kati ya Oktoba na Machi. Hiyo ni miezi ya papa potwe. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 10, na anakula viumbe vidogo vya majini kwa kuchuja maji. Unatoka na boti asubuhi, unateleza majini taratibu, humgusi, humfungii njia. Nilipomwona wa kwanza, yale madoa meupe yalipita chini yangu kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisahau kupumua kwenye mrija.

Popote utakapotaka kusimamisha hema nje ya nyumba ya wageni, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Toa shikamoo, eleza ninyi ni akina nani na mtakaa usiku mingapi. Mara mbili nimepewa mahali pazuri kuliko nilipokuwa nimepaona mwenyewe, na kijana wa kulinda usiku kwa malipo tuliyokubaliana mbele ya mwenyekiti. Hilo ni la Kilwa pia, na la pwani nzima.

Kasoro za Mafia? Mbu ni wengi, chandarua si cha hiari. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upande wa mashariki bahari inachafuka na boti nyingine hazitoki. Na kwa usiku mmoja inakupunja: ukifika, ukinunua, ukisimamisha hema, jua limezama.

Kilwa Masoko: kwa wenye usiku tatu

Kilwa ni kilomita 230 hivi angani, karibu saa moja kwa Caravan. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Daraja la Mkapa, na basi linakula sehemu kubwa ya siku. Kwa hiyo ndege hapa inaokoa muda wa kweli kuliko sehemu nyingine zote mbili. Tatizo ni kuipata: usitegemee ratiba ya kila siku kama ya Mafia, na ukikodi, urefu wa safari unapandisha gharama mara mbili ya Saadani.

Kiwanja kiko pale pale mjini. Bodaboda inakufikisha ufukwe wa Jimbizi kabla injini ya ndege haijapoa, na soko lipo, bandari ipo, mkate wa mchele na pweza vipo. Ng'ambo ya mlangobahari unakiona Kilwa Kisiwani. Kibali cha kuingia magofuni kinachukuliwa Masoko, kisha unavuka kwa jahazi au boti. Msikiti Mkuu na kuba zake, Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane, gereza lililo karibu na maji: Kisiwani na Songo Mnara viliingia orodha ya urithi wa dunia 1981, na Ibn Battuta aliyefika 1331 aliusifu mji huo. Magofu hayo yanataka siku nzima kwa Kisiwani peke yake. Songo Mnara inataka siku yake. Ndiyo maana nasema usiku tatu. Mtu anayekwenda Kilwa kwa usiku mmoja anaharibu pesa.

Jimbizi ndiko nilikojifunza bahari. Nilisimamisha hema kwenye mchanga laini, tambarare, nikajisifu. Mzee mmoja mvuvi akapita, nikamwamkia, akaitika, akasimama akitazama. "Mwanangu, hapo umelala chumbani kwa bahari." Akanionyesha kwa fimbo yake mstari wa mwani mkavu na vifuu uliokuwa nyuma ya hema langu, kama hatua sita kuelekea nchi kavu. Usiku ule ulikuwa wa mwezi mpevu. Tulihama. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, katika pwani yetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Saa kumi alfajiri niliamka nikatoa kichwa: maji yalikuwa yanalamba tundu la kigingi changu cha zamani.

Mchanga nao haushiki vigingi. Chukua viroba vitupu vinne, havina uzito, vijaze mchanga huko huko, fungia kamba ya hema, vifukie nusu mkono. Upepo wa kusi hautavitoa. Na usilale chini ya mnazi wenye nazi. Tafuta mivinje.

Pangani, Unguja na Mbudya, kwa ufupi

Pangani ina kiwanja na ina ufukwe wa Ushongo, pamoja na fungu la Maziwe, kisiwa kilichopoteza miti yake yote na sasa ni mchanga mtupu unaofunikwa maji yakijaa sana. Pazuri, ila kwa kundi dogo gharama ya kukodi ndege haiendani na usiku mbili. Unguja sioni sababu ya ndege kwa mtu wa hema, boti ya mwendo wa saa mbili hivi inabeba mizigo yote unayotaka. Na kama unachotaka ni mchanga na moto tu, usiku mmoja, na watoto, Mbudya iko hapo hapo mbele ya Kunduchi.

Saa na msimu

Chagua ndege ya asubuhi. Hewa inakuwa imetulia kabla upepo wa bahari haujaamka, na ndege iliyojaa hupanda vizuri zaidi kabla ya joto la mchana. Viwanja vidogo vingi havina taa, na ndege hizi mara nyingi huruka kwa macho ya rubani, kwa hiyo safari ya kurudi ipangwe kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa kwa saa moja na nusu, unabaki na muda. Ikipangwa saa kumi na moja na wingu likatanda, mmelala huko usiku mwingine. Weka chakula cha siku moja ya ziada, daima.

Masika, Machi hadi Mei, niondolee Saadani kabisa: kiwanja cha udongo kikilowa hakitabiriki, na barabara za ndani ya hifadhi hunasa magari. Juni hadi Septemba ni baridi tamu ya kulala hemani, na Kilwa hupendeza kutembea magofuni bila jua kali. Kaskazi, Desemba hadi Februari, joto ni kubwa, hema halilaliki baada ya saa mbili asubuhi, lakini bahari ya Mafia upande wa mashariki imetulia na papa potwe wapo magharibi.

Kwa hiyo, ukiniuliza leo: kama hujawahi kuruka na hema, nenda Mafia, kwa tiketi ya ratiba, usiku mbili au tatu. Kama mko wanne, mna pesa ya kugawana na mna Jumamosi na Jumapili tu, kodini ndege Saadani, gari likiwa limethibitishwa kwa simu siku moja kabla. Kilwa mwachie mwenye likizo, na apende historia, vinginevyo umbali ule hautamlipa.

Sisi tumeshapanga Novemba, Mafia, usiku tatu katikati ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ili hema likae karibu na bahari bila kuhama. Begi langu nimelipima juzi kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 13 na nusu. Mkaa tutanunua Kilindoni.